Usimvunjie Kifaranga Mlango

Siku moja haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, ingawa miaka ni mingi na kuku niliofuga tangu hapo hata siwezi kuwahesabu. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya kihenge cha uwele, huko Chemba nilikoolewa, nimeweka yai sikioni. Nilikuwa nasikiliza kama kifaranga yu hai. Sikusikia kitu zaidi ya mapigo ya moyo wangu mwenyewe.

Nakusimulia kwa sababu wewe nawe umeanza kufuga. Na si wewe peke yako: mkwe wangu wa Nzuguni naye ana kuku mmoja tu anayeatamia, na kila baada ya muda ananitumia picha ya mayai kwenye simu: mama, yako sawa haya? Nitajuaje, jamani, yai ni yai. Lakini simcheki sana, maana mimi katika umri wake nilikuwa mbaya zaidi.

Mimi ni mwoga tangu kuzaliwa. Mtoto akikohoa mara moja, mimi tayari nimeshamwona hospitali. Basi mwaka ule mdondo ulipita kijijini ukasomba kuku wa kila nyumba. Asubuhi unawakuta wamepinda shingo, jioni unachimba shimo. Kwetu alibaki jike mmoja, kuku wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, mwekundu, ambaye wakati ule alikuwa amejificha vichakani anataga. Mama mkwe wangu aliyapata mayai yake kumi, akayaweka kwenye kipande cha mtungi uliovunjika nyuma ya kihenge, juu ya mchanga na majani makavu, na kishingo akayalalia. Mbegu hiyo ya kuku mama mkwe aliletewa na mama yake alipoolewa. Mayai yale yakiharibika, imekwisha. Kila mtu nyumbani alilijua hilo, na mimi nililijua kupita kiasi.

Siku ya kumi na nne ya kuatamia tukaletewa habari ya msiba wa dada yake mama mkwe, huko Bahi. Alifunga kanga zake, akanionyesha alama za mkaa alizochora ukutani, moja kwa kila siku.

"Mkamwana," akaniambia, "mwekee maji na uwele karibu. Nyunyizia ule mchanga wa pembeni mara moja moja, hewa hii ya kipupwe inakausha sana. Zaidi ya hapo, muache."

"Sawa, mama."

"Nimesema muache."

Alisema mara mbili kwa sababu alikuwa ameshanijua.

Siku mbili za kwanza nilijitahidi. Nilikwenda kumtazama mara sita tu kwa siku. Siku ya kumi na sita nikaona nyayo kwenye vumbi karibu na kihenge, nikasema moyoni, kicheche huyo. Baadaye nilikuja kugundua zilikuwa nyayo za paka wetu mwenyewe, lakini mtu akiwa na hofu haulizi maswali. Adhuhuri ile ile, jua likiwa wazi, nilimnyanyua kishingo kwapani, nikachukua mtungi na mayai yake, nikavipeleka jikoni karibu na mafiga. Nikamweka juu ya mayai, nikafunga mlango, nikajisifu.

Kuku anayeatamia hahamishwi mchana, mwanangu. Ukilazimika, ngoja giza liingie, umhamishe taratibu na kiota chake, asubuhi ajikute amekwisha zoea. Mimi sikulijua hilo. Nilipofungua mlango kuchukua sufuria, alinipita miguuni kama mshale, akarudi nyuma ya kihenge. Nilimfuata. Nikamkuta amelala pale pale mahali pake pa zamani, amejitandaza, amevimbisha manyoya, analalia udongo mtupu. Hakuwa na hata yai moja chini yake. Nilisimama pale nikaona aibu, nikaona na huruma, na bado sikuwa na akili ya kumrudishia mayai yake mara moja. Nilimkamata tena, nikamrudisha jikoni, akatoroka tena. Tulicheza mchezo huo mpaka jua likaanza kushuka. Nilipokubali kushindwa na kurudisha mtungi nje, mayai yalikuwa ya baridi kwenye kiganja.

Aliyalalia. Kuku ana moyo, nakwambia. Lakini mimi kuanzia hapo sikula vizuri wala sikutulia. Kila alipotoka kunywa maji nilikimbilia mayai: nalitikisa hili, nalisikiliza lile, nalielekeza jingine juani. Alipokuwa akirudi ananikuta nimemkalia mlangoni, anazunguka mbali na kunilalamikia mpaka niondoke. Kwa hiyo mayai yakawa yanapoa tena, na mimi nikawa naogopa zaidi kwa sababu yanapoa. Na mchanga sikuunyunyizia hata tone. Niliogopa unyevu utayafanya viza.

Ikafika alama ya ishirini na moja, siku ya kuangua. Asubuhi kimya, adhuhuri kimya. Hakuna yai lililodonolewa wala lililopasuka. Nikaanza kupanga maneno nitakayomwambia mama mkwe, na kila nilivyoyapanga yalinigeuka. Mwisho nikashindwa kuvumilia. Nikachukua yai moja, nikaweka kucha, nikabandua ganda kidogo. Nikasema nione tu. Chini ya ganda utando ulikuwa na mishipa myekundu, na nilipouchana damu ikatoka. Kifaranga alikuwa hai. Nilimwona akifungua mdomo. Kiini kilikuwa bado hakijaingia chote tumboni mwake. Alitikisika kwenye kiganja changu mara mbili tatu, halafu akaacha.

Ndivyo mama mkwe alivyonikuta. Sikumsikia akiingia uani. Nilimwona tu amesimama, mtandio wa msiba bado begani, anatazama mkono wangu. Hata shikamoo sikuiweza. Nilimwambia yote hapo hapo, ya paka, ya jikoni, ya mchanga, huku nalia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Huyu alikuwa amedonoa ganda?"

"Hapana, mama."

"Kwa hiyo hakukuita."

"Hakuniita."

"Ukienda kwa watu unapiga hodi, unangoja. Wakikaa kimya unangoja tena, au unaondoka. Wewe umevunja mlango, mkamwana. Mtu alikuwa ndani anavaa."

Sijawahi kupigwa na mkwe, lakini maneno yale niliyasikia mwilini. Akanichukulia kifaranga, akamfunga kwenye jani, akaenda kumfukia mwenyewe. Aliporudi akanyunyiza maji kwenye mchanga kwa vidole, polepole, kishingo akimwangalia tu bila kulalamika. Akaniambia mayai yaliyopigwa baridi huchelewa siku moja, pengine mbili, kama hayajafa. Hakuniambia kama hayajafa. Hakujua.

Kisha akaniletea kigoda na kapu la karanga za kubangua. Akakiweka kigoda hatua chache kutoka kwa kuku, mgongo wangu ukielekea kwenye kiota.

"Kaa hapa. Bangua. Usigeuke mpaka nikwambie."

Mwanangu, sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Nimelima mashamba ya uwele kwenye udongo mgumu, nimebeba maji kutoka mbali, lakini kukaa nimeyapa mayai yale mgongo kulikaribia kunishinda. Shingo ilitaka kugeuka yenyewe. Kila kuku alipojisogeza nilikufa. Nilibangua siku ile mpaka jua likazama. Kesho yake, siku ya ishirini na mbili, nikarudi kigodani asubuhi. Mama mkwe alikuwa upande wa pili akipepeta, na nikaona kwamba naye ananyanyua macho kila mara, anayarudisha kwenye ungo. Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa anaogopa kama mimi. Mikono yake tu ndiyo ilikuwa imetulia.

Alasiri nikasikia kishingo ameanza kuongea kwa sauti ya chini, ile sauti ya kooni ambayo kuku huitoa kwa ajili ya watoto wake peke yao. Mama mkwe akaweka ungo chini. Nikasikia kitu chembamba kikiitika kutoka ndani ya ganda.

"Nigeuke, mama?"

"Bado."

Aliniruhusu kesho yake asubuhi. Vichwa vitano vilikuwa vimetokeza kwenye manyoya ya mama yao, na viwili kati yao vina shingo tupu. Mayai manne hayakuanguliwa kabisa. La kumi unalijua lilikokwenda. Hilo halikufa kwa baridi wala kwa ukavu wa hewa. Lingeanguliwa na wenzake, siku moja au mbili baadaye.

Nimelifikiria sana. Nilidhani namhurumia kifaranga. Hapana. Nilikuwa najihurumia mimi, nataka hofu yangu iishe siku ile ile, nikamfanya yeye ailipie.

Basi shika haya. Kuku akishalalia, mpe maji, chakula na mahali pa utulivu, halafu mpe mgongo wako. Siku ya ishirini na moja ikipita kimya, ongeza mbili kabla ya kukata tamaa. Wakishatoka, waache chini ya mama yao wakauke kwanza, ndipo uwape chenga laini na maji kwenye kifuniko kifupi wasizame, na tenga la kuwafunika mwewe anapozunguka. Hapo ndipo mahali pa kuhangaika kwako. Na uoga, mwanangu, sikuambii uuache, mimi wangu ninao mpaka leo. Utafutie kazi ya mikono, mbali na kile unachokiogopea.

Mungu akubarikie uwanja wako ujae vifaranga. Akupe mikono ya kulea, na siku mikono inapotakiwa kungoja, aishike Yeye mwenyewe.