Mia Tano Sabini na Saba

Fundi wa kompyuta wa hospitali ya wazazi waliyemwita Sindano hakupewa jina hilo kwa wembamba wake tu. Ulimi wake nao ulichoma. Siku aliyorudi kazini, baada ya wiki mbili za kumuuguza mama yake, alikuta kiti cha karani wa vizazi kimegeuziwa ukutani.

"Mzee Kalamu yuko wapi?"

"Kasimamishwa," muuguzi mkuu alijibu bila kuinua macho. "Kafuta daftari la vizazi. Mara mbili."

Daftari lenyewe lilikuwa faili moja ndani ya kompyuta. Watoto thelathini na wanane walikuwa wamezaliwa, wakaandikwa, na kumbukumbu zao zikayeyuka. Mkandarasi aliyeileta programu aliandika ripoti ya mistari minne: mzee hajui kompyuta, kabonyeza pasipostahili. Mkurugenzi akatia saini.

Sindano alipekua jalada la ofisi. Alikuta barua tatu za mzee, zote zikilalamika kwamba programu inakwama wakati wa kuhifadhi. Zimegongwa muhuri wa kupokelewa, hazina jibu hata moja. Akafunga mlango.

Aliwasha chombo cha kufuatilia, kile kinachonasa kila ombi ambalo programu inapeleka kwenye kiini cha mfumo, maana kiini ndicho chenye ruhusa ya kugusa diski. Kila ombi huja na hoja zake, yaani maelezo ya nini kifanyike na wapi, na chombo kile cha zamani kilizionyesha kama namba tupu. Ombi la kufungua faili lilikuwa na namba nne. Ya pili ilikuwa ndefu ajabu. Hiyo hakubabaika nayo: si jina la faili, ni anwani ya mahali jina lilipoandikwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Akaifuata anwani, akasoma. Daftari la vizazi.

Ya tatu ilikuwa 577.

Akachukua penseli, maana namba ya namna hiyo ni maagizo kadhaa yaliyojumlishwa. Moja: fungua kwa kuandika. Sitini na nne: kama faili halipo, liunde. Ikabaki mia tano na kumi na mbili. Aliikandamiza penseli mpaka ikavunjika. Hiyo maana yake: kwanza futa kila kilichomo.

Kumbe kila mzee alipohifadhi mtoto mmoja, programu ilifuta daftari lote, kisha ikaanza kuliandika upya. Ikikwama katikati, basi. Sindano alijaribu kwenye nakala, akaizima programu katikati ya kuhifadhi. Faili likabaki tupu.

Kesho yake, mbele ya mkurugenzi, mkandarasi alitabasamu. "Hizo ni namba tu, dada. Kila mtu anaweza kuzisoma anavyotaka."

"Mimi si dada yako. Na hazisomwi kwa kutaka. Fungua mwongozo wa mfumo, uone mia tano na kumi na mbili ni nini."

Jamaa akarekebisha tai. "Lakini hilo tulishalitengeneza kwenye toleo jipya."

"Mlilijua lini?"

"Kama miezi minne hivi iliyopita."

"Na ripoti ya kumsimamisha mzee uliiandika lini?"

Mkurugenzi alikohoa, akavuta karatasi, akaandika kwamba karani amesamehewa na arudi kazini. Sindano alimrudishia karatasi ile.

"Asamehewe kosa gani?"

Iliandikwa upya mara mbili, mpaka ikasema kosa lilikuwa la nani.

Aliipeleka nyumbani kwa mzee mwenyewe. Mzee Kalamu aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaikunja.

"Na wale watoto?"

"Ishirini na tisa tumewarudisha kutoka kwenye kadi za wodi. Tisa bado."

"Wajukuu zangu wameambiwa shuleni babu yao kafuta watoto wa watu." Alisema polepole. "Siku kumi na moja, mwanangu. Nitarudi kwa ajili ya hao tisa, si kwa ajili ya karatasi hii."

Jumatatu alirudi. Saba walipatikana, baada ya kupigia simu familia moja moja. Wawili hawajapatikana hadi leo. Mkandarasi bado ana mkataba wake, na akipita koridoni hutoa salamu. Mzee huitikia, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Sindano haitikii.