Siku Mzee Hhando Alipoulizwa Kuhusu Getruda

Mdogo wangu Getruda akiwa na hofu humenya vitunguu swaumu, hata kama hakuna anayepika. Asubuhi ile nilimkuta jikoni kwangu, hapa Endagikot, Mbulu, bakuli limejaa, na mwanangu Kelvin amelala mgongoni kwake.

"Dada, leo wanampigia Mzee Hhando," akasema.

Tangu amalize chuo kikuu Getruda ana mpango mmoja tu: kwenda kusomea biashara kwenye shule kubwa huko Ulaya, inayoombwa na wengi, wanaoipata ni wachache. Mimi niliishia darasa la saba, lakini alinieleza mpaka nikaelewa. Shule ile haiangalii alama peke yake. Inataka mtu aliyefanya kazi kwanza, akaongoza watu, na bosi wake aulizwe yukoje. Ndiyo maana benki ya Arusha ilipomwita alikataa, akaja kuwa meneja wa kikundi chetu cha vitunguu swaumu.

"Benki nitakaa dirishani," aliniambia. "Huku nitaongoza watu."

Baba hajaelewa mpaka leo. Anapita na ng'ombe wake, anasema, "Nimesomesha mtu arudi kunuka vitunguu." Kama shule ingemkataa, maneno hayo yangemfuata maisha yake yote.

Sasa bosi wake ni mwenyekiti wa kikundi, Mzee Hhando, na Mzee Hhando hasifu kitu. Wazee wetu wengi wako hivyo. Ukimwambia ng'ombe wake amenenepa, atakujibu anaumwa. Mtoto hasifiwi mbele ya mgeni, ni kumwitia mabaya. Getruda alishamwomba, "Babu, wakikuuliza sema mazuri tu." Akajibiwa, "Nikuharibie? Siwezi."

Getruda mwenyewe hakuruhusiwa kuwepo. Akanituma mimi nikamshikie mzee simu.

Nilifika na Kelvin mgongoni, nikamwamkia, "Shikamoo babu." "Marahaba. Huyo mtoto mbona amekonda?" Kelvin hajakonda. Tukapanda juu ya shamba, pale mtandao unaposhika, nikaweka spika kwa sababu mzee hasikii vizuri.

Aliyepiga alikuwa mama mmoja wa Dar es Salaam, aliyesoma shule ile zamani. Sauti yake ilikuwa ya upole.

"Mzee, nieleze kuhusu Getruda."

"Huyo? Ni mtoto tu," akasema Mzee Hhando. "Tunamvumilia."

Nilitaka kusema, mama, usimsikilize, huku kwetu ndivyo wazee wanavyomwonyesha mtu upendo. Lakini mwanamke wa umri wangu hamkatizi mzee.

"Mnamvumilia kwa nini?"

"Ana ubishi. Zamani kila mtu aliuza vitunguu vyake mwenyewe, gari likija unauza. Yeye akasema hapana, tutachambua pamoja, tutauza pamoja. Magari yakaja, wanunuzi wakakataa bei yetu, yakaondoka matupu."

"Mkafanyaje?"

"Tuliogopa. Vitunguu vilianza kuota ghalani. Nikamwambia, binti, tuachie tuuze. Akakataa. Niliona naye anaogopa, lakini akakataa. Kila siku anakuja kukaa na sisi palepale ghalani, tunamgombeza, hajibu vibaya, haondoki. Hebu fikiria usumbufu huo."

"Na magari?"

"Yalirudi."

"Kwa bei yenu?"

"Sasa wangenunua kwa bei ya nani?"

Nikasikia mama wa Dar es Salaam akigeuza karatasi.

"Akiondoka, mzee, itakuwaje?"

"Hapo ndipo ametuharibia kabisa," akasema, na sauti yake ikashuka. "Amemfundisha binti mwingine, Loveness. Sasa na yeye ni mbishi."

"Asante, mzee," mama akasema, akakata.

Sikujua kama ameelewa au amesikia tu kwamba Getruda ni mbishi na anavumiliwa. Nilishuka ule mteremko haraka. Nilipomweleza mdogo wangu, neno kwa neno, alikaa chini kwenye kigoda.

"Amesema mtoto tu?"

"Amesema."

Akavuta bakuli. Kwa wiki nyingi nyumba yangu ilinuka vitunguu swaumu, hata nguo za Kelvin. Simu ikilia tulikuwa tunaangaliana kwanza kabla ya kushika.

Jibu la shule lilipokuja Getruda alikuwa ghalani, nami nilikuwa nimempelekea chai. Alilisoma, akalisoma tena, kisha akamgeukia Mzee Hhando.

"Wamenichukua, babu."

Mzee aliendelea kufunga fungu la vitunguu mkononi mwake. "Watakuvumilia?"

"Sijui, babu."

"Waambie wakishindwa wakurudishe. Sisi tumeshazoea."

Getruda akainama, akalia pale pale. Mzee akajifanya anatafuta kamba.

Baba aliposikia aliuliza kama huko kuna baridi kuliko Mbulu. Nikasema ipo. Hakuuliza tena, ila kesho yake alileta blanketi lake jipya, akaliweka mlangoni bila kuingia.

Juzi, safari yake ikiwa imekaribia, Getruda alinikuta jikoni, akasimama anaangalia bakuli.

"Dada, nani anapika leo?"

Nikatazama mikono yangu. Bakuli nililokuwa nikimenyea vitunguu swaumu lilikuwa limejaa mpaka juu.