Mkono wa mume wangu unatulia kwa mwanamke mwingine

Sasa hivi mwanangu wa miaka mitatu ametupa mkono wa kushoto juu, uji ukamwagika wote, akacheka: "Mama, nacheza kama baba!" Nimecheka naye, halafu nikageukia ukutani nikalia. Jina langu msilitoe. Nina miaka ishirini na mbili, niliishia darasa la nne, tunakaa kijijini upande wa Segese.

Mume wangu ni mchimbaji wa dhahabu, na kwenye ngoma za baada ya mavuno hakuna anayemfikia. Mwaka huu alirudi kutoka machimboni amekonda, anakunywa maji hashibi, halafu mkono wake wa kushoto ukaanza kurukaruka wenyewe. Unapunga, unajinyonga, unagonga bakuli, mpaka asinzie. Majirani wakanitania: "Mama Neema, mumeo anampungia nani huko?" Mimi na mama mkwe tukaamini ni Bagalu, wapinzani wetu wa ngoma, wamemtupia dawa asicheze tena. Tukampa dawa ya mganga ndani ya asali, na uji wenye sukari nyingi apate nguvu. Mkono ukazidi.

Ndipo akaja mwanamke anayewapikia chakula machimboni. Akamwamkia mama mkwe, mimi hata hakunitazama. "Marehemu kaka yangu alikuwa na kiu hii hii," akasema. "Huyu ana kisukari." Akampakia kwenye lori mpaka hospitali, mimi nikabaki na mtoto mwenye homa. Daktari akasema sukari imepanda mno, ndiyo inayorusha mkono, ikishuka utatulia. Nesi akamfundisha yule mwanamke kuchoma sindano, kwa kuwa ndiye aliyekuwepo.

Sasa mume wangu amerudi nyumbani, na mwanamke huyo anakuja kila asubuhi na chupa ya dawa, anaingia kama kwake. Anafinya ngozi ya tumbo la mume wangu, na ule mkono ulionipiga kofi nikimlisha umelala mapajani kimya. Najua ni dawa, lakini moyo wangu unaona ni yeye. Jana mume wangu kasema, "Si bora nikakae kwake mpaka nipone, asichoke njia?"

Wasomaji, nataka apone, na nataka abaki wangu. Nimwache aende, au nimwombe mwanamke huyu anifundishe, mimi ninayetetemeka nikiona sindano? Niambieni, maana keshafika, namsikia uani ananawa, na sasa ananiita: "Mama Neema! Weka kalamu, njoo. Leo unamchoma wewe, mimi nimechoka kununiwa!"

Naenda, ila kama mkono wangu nao utarukaruka, nani atautuliza?