Maharage ya Kuhesabia Watoto

Niliolewa juu kabisa, mahali ambapo migomba inakwisha na msitu wa Meru unaanza. Kwetu, chini, tulikuwa na kanisa la mabati, shule ya misheni na barabara iliyopitika kwa lori wakati wa kiangazi. Kule nilikoolewa kulikuwa na nyumba ishirini na kitu, zimetawanyika kwenye migongo miwili ya mlima, korongo katikati. Ukungu ulishuka kila siku baada ya chakula cha mchana na kukaa hadi jioni. Kahawa haikuipenda baridi ile. Watu walilima viazi, maharage na mahindi yasiyokuwa na haraka ya kukomaa, na wanaume, mume wangu akiwa mmojawapo, walipasua mbao msituni.

Nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne. Huko juu hilo lilinifanya kuwa mtu wa ajabu kidogo. Wiki ya kwanza nililetewa barua tatu nizisome, na mojawapo ilikuwa karatasi iliyofungiwa sukari.

Mama mkwe wangu alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti ndogo ambayo watu walinyamaza ili waisikie. Nyumbani alibaki na mtoto mmoja tu, wifi yangu wa mwisho, msichana wa miaka minane hivi. Wakubwa wote, isipokuwa mume wangu, walishuka. Shule ilikuwa mwendo wa nusu siku, na korongo halivukiki wakati wa masika, kwa hiyo mtoto aliyetaka kusoma alipelekwa kukaa kwa ndugu huko chini. Alishuka akiwa na miaka minane, akaja Krismasi, akaja Krismasi nyingine, kisha akapata kazi Moshi au Nairobi na kuleta salamu. Mwaka ule zamu ilikuwa ya wifi yangu. Shangazi yake huko chini alikwishasema kitanda kipo.

"Huyu hashuki," mama mkwe aliniambia siku moja tukimenya viazi. "Shule ndiyo itapanda."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Alikwenda kwa mshili, mzee wa ukoo aliyetusemea kwa wakubwa, akamkalia kibarazani siku mbili. Mshili akashuka bomani Arusha kumwona Bwana Shauri, Mwingereza aliyetawala wilaya, akarudi na jibu. Watoto wakifika hamsini, serikali italeta mwalimu na mabati. Wasipofika, wazazi waendelee kuwashusha. Idadi iletwe kwa maandishi.

Mwandishi nilikuwa mimi peke yangu. Nikachukua daftari na penseli, nikaanza na nyumba ya jirani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mke wa mwanetu. Karibu."

"Nimetumwa na mshili. Una watoto wangapi?"

Mzee akatazama penseli yangu. "Wapo."

"Wapo wangapi, baba?"

"Wapo wa kutosha."

"Nataka niandike hesabu yao."

Akamgeukia mkewe aliyekuwa akipepeta mahindi. "Mama, umesikia? Tulitoa maziwa na pombe tuletewe mke, tumeletewa fisi. Maana anayehesabu mbuzi wa watu ni fisi, kabla hajala."

Mkewe alicheka hadi ungo ukamwaga. Mimi nikatoka na ukurasa mweupe. Nyumba ya pili niliambiwa watoto ni wa Mungu, nikamwulize yeye. Nyumba ya tatu walinipa ndizi na kunisindikiza hadi njiani, na hapo ndipo nilipotambua kwamba nimefukuzwa.

Nilijua mwiko huo. Hata kwetu watu hawakuhesabiwa hovyo. Ila shule ya misheni ilikuwa imenisahaulisha kwamba kumnyooshea mtoto kidole na kumpa namba ni kulionyesha jambo baya linalopita.

Mama mkwe alinisikiliza, akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha maziwa kilichooshwa. "Maharage hayana mwiko," alisema, akanituma nikawaombe akina mama haragwe moja kwa kila mtoto.

Jumapili, baada ya ibada, alisimama mlangoni pa kanisa letu la udongo. Kila mama aliyetoka alitumbukiza humo maharage aliyoyaleta kutoka nyumbani kwake, moja kwa kila mtoto, mkono ukiwa umefunikwa kwa kitenge ili jirani asione. Mwinjilisti, aliyepanda kutoka chini kila Jumapili, akauliza kama Bwana sasa anapokea sadaka ya mboga. Jioni tulimwaga maharage kwenye mkeka, mekundu, meusi, ya madoadoa. Nikahesabu mara mbili. Sitini na tatu.

Nikaandika barua kwa mwandiko wangu bora. Kwa kuwa mshili alikuwa na maumivu ya goti, tukaipeleka mimi na mama mkwe. Tuliondoka alfajiri na kufika mjini jua likianza kuinama. Tulilala mtaa wa Kaloleni kwa mama mmoja Mwislamu, mzaliwa wa Tanga, aliyekuwa akinunua viazi vya mama mkwe. Waliongea Kiswahili cha kuokoteza upande mmoja na cha pwani upande wa pili, na walielewana kuliko nilivyowaelewa mimi. Asubuhi alitupa chai na vitumbua, akamfunga mama mkwe kanga yake mwenyewe juu ya mabega. "Bomani hawamwangalii mtu, bibi, wanaangalia nguo," alisema.

Karani alisoma barua akiwa amesimama. "Sitini na watatu? Huko juu kuna watu au nyani?"

"Nyani hawaandiki barua, mwanangu," mama mkwe alimjibu. Karani akaipiga muhuri.

Bwana Shauri alipanda mwenyewe baada ya mavuno. Alikuja kwa miguu kutoka pale gari lilipokwama, uso mwekundu, karani nyuma yake akihema. Tulikuwa tumefyeka uwanja na kuwapanga watoto, wamepakwa mafuta hadi wanang'aa. Akanyoosha kifimbo chake na kuanza kuhesabu.

Sitasahau tulichokiona. Kifimbo kilipomfikia mtoto, mama yake alimvuta nyuma. Mwingine alimtoa wake mwanzo wa mstari na kumpeleka mwisho. Mmoja alimfunika wake kwa kanga kabisa. Bwana akapata thelathini na wanane. Akarudia, akapata arobaini na wanne. Mara ya tatu alipata arobaini na mmoja, akaacha, akafuta jasho.

Akatoa barua yangu mfukoni, na karani akafasiri. "Bwana anauliza, sitini na watatu wako wapi? Nani aliyeandika uongo huu?"

Mshili alikuwa akitazama viatu vya Bwana. Nikawatazama akina mama, na kwa mara ya kwanza nikatambua kosa letu. Niliomba haragwe moja kwa kila mtoto. Sikusema mtoto aliye nyumbani. Kila mama alitoa hesabu ya wote aliowazaa.

Mama mkwe alisogea mbele. Alisema kwa Kimeru, nami nikafasiri kwa Kiswahili, na karani akapeleka kwa Kiingereza.

"Hakuna uongo. Mimi nilitia sita. Mmoja yule pale. Mmoja anapasua mbao. Mmoja nilimzika. Watatu walishuka kusoma wakiwa wadogo, hawajarudi. Waliopungua kwenye mstari wako, Bwana, wengi ni hao. Ndiyo maana tunaomba shule."

Bwana Shauri akaandika kitu. Nilitaka kuona huruma usoni mwake. Niliona mtu aliyechoka na aliyekuwa na safari ndefu ya kurudi. Hamsini hawakufika, alisema, kwa hiyo mabati hakuna na mwalimu wa serikali hakuna. Lakini kama tungejenga wenyewe na kumpata wa kufundisha, hangetuzuia, na baada ya mwaka boma lingekuja kutazama tena.

Alipokwisha kushuka, mama mkwe alinigeukia. "Umesikia. Watajenga wao, utafundisha wewe."

"Mama, mimi darasa la nne tu!"

"Wao darasa la ngapi?"

Wanaume walileta mbao zenye nyufa ambazo wanunuzi wa mjini walizikataa. Tukaezeka kwa nyasi. Ubao wa kuandikia ulikuwa mlango wa zizi uliopakwa masizi. Wifi yangu alikaa mbele kabisa, hatua chache kutoka kwa mama yake, ambaye wiki ya kwanza alipata sababu ya kupita pale na kuni mara nne kwa siku.

Habari ilishuka mlimani kwa njia zake. Kabla ya mwaka kwisha, shemeji yangu wa Moshi aliwaleta wanawe wawili wakae kwa bibi yao wasome. Na jirani yule aliyeniita fisi aliletewa wajukuu watatu, akanifikishia mwenyewe, akiwa amewashika mikono. "Nimekuletea," alisema. "Wangapi, utaona mwenyewe."

Mwaka ulipopita alikuja Bwana Shauri mwingine. Hakujua lolote kuhusu barua wala maharage. Alihesabu mara moja, akina mama wakihangaika kama kawaida, akapata hamsini na kitu, akasema inatosha. Mabati yalipandishwa kwa vichwa vya watu.

Hesabu niliifundisha kwa maharage yale yale sitini na matatu. Jioni moja wifi yangu alirudi na konzi moja, akayapanga kwenye mkeka mbele ya mama yake. "Moja, mbili, tatu," hadi ishirini bila kukosea. Mama mkwe alimtazama kana kwamba anamwona akitembea kwa mara ya kwanza. Kisha mtoto, kwa furaha, akainua kidole na kutugeukia sisi tuliokaa kuzunguka moto.

"Moja..."

Mama mkwe akakidaka kile kidole, akakirudisha taratibu kwenye mkeka.

"Maharage, mwanangu," alisema. "Sisi tupo."