Kichwa cha kable kilichoandikwa SOURCE

Mama aliapa kwamba mabuti ya vijana wa Mushaki hayatakanyaga tena saloni yake kwa ajili ya mupira. Yaya, kaka yangu mukubwa, akaleta kable ya mita makumi mbili: itoke kwenye dekoda saloni, ipite dirishani, ifukiwe chini ya kiwanja ng'ombe wasiikate, ifike kwenye televizyo katika kibanda tunamouzia maziwa. Tukafukia. Tukawasha. Giza.

Kumbe kable ndefu namna ile iko na mbele na nyuma, kama suruali. Kichwa kimoja kimeandikwa SOURCE: hicho kinaingia dekoda. Mimi, wa kwanza darasani kwa makelele, nilikuwa nimekichomeka kwenye televizyo.

Basi siku ya posho, ndiyo Jumamosi, saa nane mchana, tumeshaifukua yote ili tuigeuze, watu wanne wenye bunduki wakateremka kwa njia ya Karuba. Mukubwa wao akamukuta Yaya amepiga magoti kwenye mufereji, waya mweusi mukononi. Akaukanyaga ule mukono. Akaokota kichwa cha kable, akasoma polepole.

"Source. Wewe njo source ya nani?"

Kwetu, source ni muntu anayepeleka habari za kambi moja kwa kambi ingine. Hazeeki.

"Ya dekoda, Afande," Yaya akasema.

"Dekoda njo nani? Anaikala wapi?"

Yaya angeeleza vizuri. Mudomo wangu ukamutangulia.

"Iko saloni, Afande. Anakula umeme tu." Na nikacheka.

Kitako cha bunduki kikamupata Yaya mudomoni. Meno mawili yakaanguka kwenye udongo. Kisha mateke ya mbavu, mpaka akaacha kujikunja. Wawili walikimbia saloni kumukamata Dekoda. Wakarudi wanamukokota Mama kwa nywele.

"Hakuna mwanaume ndani, chef. Ni huyu tu."

Mukubwa akaweka mututu nyuma ya sikio la Yaya.

"Wewe mwenye kucheka, onyesha hiyo Dekoda. Picha ikikosa, huu mufereji tunaupanua."

Nikavuta kable juu ya majani, nikakipeleka SOURCE saloni. Mara tatu kichwa kiligonga pembeni. Nikakimbia kibandani, nikachomeka upande wa pili. Nje, Mama alikuwa anamuita Yesu kama vile anaita muntu aliye ng'ambo ya kilima.

Mwanamuke akatokea kwenye televizyo, anakaanga vitunguu.

Kutoka muferejini, kwa mulango wa kibanda uliokuwa wazi, Mukubwa aliviangalia vitunguu mpaka vikawa vyekundu. Mututu haukutoka sikioni.

"Waya ibakie juu," akasema mwishoni. "Ya chini ni ya watu wabaya."

Wakaondoka na bidoni yetu ya maziwa. Mama akaosha mudomo wa Yaya kwa maji ya chumvi; Yaya alikuwa anapumua kama tairi iliyotoboka.

Leo, watu wakiuliza meno, Yaya anasema ng'ombe alimupiga teke. Nami, ninayezoea kurekebisha hadithi za kila muntu, naangalia chini.