Nilipojibiwa Nzuri

Mwaka wa pili wa uuguzi walitutoa hospitali ya mkoa wakatupeleka mmoja mmoja kwenye zahanati za vijiji vya ujamaa. Mimi niliangukia kijiji kimoja mbele ya Ikungi. Mganga wa pale alinipa kazi ya kuhoji wagonjwa na sharti moja: nisikatishe salamu. Niliona ananipotezea muda. Foleni ilikuwa imefika nje juani.

Asubuhi moja aliingia mama aliyenizidi umri, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Mtoto?"

"Hajambo."

Sikungoja zaidi; nikaandika kwamba amekuja kupima uzito, nikamwonyesha benchi la mizani, nikaita mwingine. Akaenda akakaa.

Mganga alimkuta pale karibu na saa sita. Akaanza upya: nyumbani, mtama, ng'ombe, mvua. Mama akajibu nzuri, nzuri, nzuri, na salamu zilipokwisha ndipo akasema mtoto hajanyonya tangu juzi.

Tulipomfungua mtoto mgongoni, mwili ulikuwa umeshapoa. Mganga hakunigombeza. Bora angenigombeza. Aliniambia tu niikunje kanga aliyobebewa, nikaikunja, nikarudi kwenye foleni.

Nilimaliza miezi yangu yote pale. Niliporudi chuoni, mkufunzi alikuwa mezani na daftari, sisi tumepanga mstari.

"Habari za kijijini?"

"Nzuri," nikasema.

Akaandika, akaita mwingine.