Askari wa Majini wa Nchi Isiyo na Bahari

Nilicheka. Hilo ndilo la kwanza ninalopaswa kukiri. Mzee aliponiambia, jikoni kwake Arlington, kwamba kwao alikuwa askari wa miguu wa kikosi cha wanamaji, nilicheka hadi chai ikanipalia. Nchi yake haina pwani hata ya kuoshea miguu.

"Cheka tu, Profesa," alisema. "Hata askari wa nchi kavu walitucheka. Walituita vyura. Lakini mvua ikikata barabara, nani alikuja kuomba abebwe kwa boti?"

Hakuwa ndugu yangu. Alikuwa jirani wa ghorofa ya chini, mpakiaji katika ghala la bidhaa, nami nilimwita Mzee kwa heshima ya mvi zake. Nchi yake sitaitaja, aliniomba hivyo. Mwaka ulikuwa 1999. Nilikuwa nimemaliza chuo miezi minne iliyotangulia na niliishi kwa kibali cha kazi cha mwaka mmoja, ambacho nilikitoa kwenye droo kila asubuhi kuhakikisha tarehe haijabadilika. Kiswahili chake alikiokota katika kambi ya wakimbizi. Kiingereza hakuwa nacho. Akaniomba nimjazie ombi la hifadhi. Likikataliwa, angeweza kurudishwa kwa watu waliotaka kumuua, na mkewe na binti zake wawili waliokuwa bado kambini wasingepata njia ya kumfuata.

Kisa chake kilikuwa hiki. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya boti na mwanzi mrefu uliopakwa alama za rangi, alama moja kila mita. Aliuchovya mtoni na kuita kina kwa sauti, ili nahodha asipande kwenye mchanga. Siku moja ya kiangazi walikuwa wakifukuza mitumbwi iliyojaa watu waliokimbilia ng'ambo, na amri ilikuwa kufyatua risasi wakikaribia. Mzee alichovya mwanzi akaona mita tatu. Akaita, "Moja!" Nahodha akazima injini. Mitumbwi ikavuka. Kisha kamanda akasema apewe mwanzi. Ulikuwa umelowa hadi alama ya tatu.

"Ukafanya nini?"

"Nilikuwa nimekwisha ingia majini. Chura anaendaka wapi?"

Nilikwenda nyumbani nikaanza kuandika, na hofu ikaanza kuandika pamoja nami. Niliwaza: afisa ataangalia ramani. Hataona bahari. Atacheka kama mimi nilivyocheka, na mtu akishakucheka hakuamini tena. Kwa hiyo niliandika "askari wa miguu" nikaishia hapo. Si uongo, nilijiambia. Ni ukweli uliopunguzwa. Lakini askari wa miguu alikuwa akifanya nini ndani ya boti? Nikaiondoa boti, nikamweka ukingoni. Bila boti mwanzi hauna kazi, nikauondoa mwanzi. Ikabidi basi akatae amri waziwazi na kukimbilia porini. Nilipomaliza, nilikuwa na hadithi safi ya shujaa nisiyemjua. Nilimsomea haraka haraka kwa Kiswahili, nikiruka kila mahali nilipobadilisha. Akatia sahihi. Nami nikatia yangu, kwamba nimemsomea yote.

Wiki zilizofuata sikulala vizuri. Nilifikiri kumwambia. Kisha nilifikiri kwamba nikimwambia atatishika, na akitishika atakosea. Kila nilipofika mlangoni pake nilipata sababu mpya ya kurudi juu.

Usaili ulikuwa Houston. Tuliendesha gari kwa saa nne kutoka Arlington, tukafikia kwa mtu wa kwao aliyeishi mtaa wa Gulfton, katika nyumba ambayo watoto walimsalimia Mzee kwa Kiingereza na yeye akawajibu kwa Kifaransa, kila mtu akaridhika. Asubuhi sikuweza kula.

"Profesa, weye unaogopa nini? Nani anaulizwa, weye ao miye?"

"Wote wawili, Mzee."

Akacheka. Hakujua.

Chumba kilikuwa na baridi ya kiyoyozi. Afisa alikuwa mwanamke aliyevaa sweta mwezi wa saba, na mkononi ana kalamu nyekundu. Sheria ilikuwa mwombaji aje na mkalimani wake mwenyewe, na mkalimani ndiye mimi. Aliniapisha nitafsiri kila neno kwa uaminifu. Niliinua mkono, nikauteremsha mapema mno. Akaniomba niuinue tena.

Kisha akauliza: kabla hatujaanza, kuna chochote kwenye fomu hii cha kusahihisha?

Nilitafsiri. Mzee akajibu kwa utulivu, "Hapana. Yote ni sawa. Huyu mutoto amesoma."

Kazi yangu ilikuwa kusema maneno hayo kwa Kiingereza. Niliona kibali changu kwenye droo, niliona uwanja wa ndege, niliona binti wawili ambao sijawahi kuwaona. Nikamgeukia.

"Mzee, si sawa. Nilibadilisha. Nilikutoa kwenye boti."

"Ulinitoa kwenye boti?"

"Na mwanzi sikuuandika. Niliogopa hawataamini."

Afisa akauliza tunazungumza nini. Mzee hakuondoa macho kwangu. Nilidhani atanipiga.

"Mwambie," alisema. "Yote. Na useme ni weye."

Nikasema. Afisa hakuinua sauti. Alivuta fomu karibu, akaandika kwa wino mwekundu namba moja pembeni ya "askari wa miguu", akaendelea kwa kila sahihisho hadi namba kumi na moja. Kisha akamtazama Mzee: nchi yenu haina bahari, wanamaji walilinda nini?

Mzee alisimama. Hakuomba ruhusa. Alishika mwanzi usiokuwepo kwa mikono miwili, akauchovya kwenye zulia mbele ya meza, akauinua, akaita. Akauchovya tena, akaita. Sauti ilikuwa ya mtu anayezungumza kupita kelele za injini, katika lugha ya kwao. Sikuijua lugha hiyo. Afisa aliningoja.

"Anaita nini, Mzee?"

"Tatu. Tatu. Mbili na nusu. Tatu." Mikono yake ilikuwa bado juu. "Na hapa nikaita moja."

Nilitafsiri namba tu. Afisa akaandika, akauliza kamanda alijuaje, na Mzee akaonyesha juu ya mwanzi, mbali juu ya kichwa chake, mahali maji yalipokomea.

Tulikuwa garini, tumeshatoka nje ya jiji. "Kamanda pia alitaka nisiwe kwenye boti," Mzee alisema. Niliendelea kuendesha hadi Arlington.

Baada ya wiki mbili tulirudi Houston kuchukua uamuzi. Nje ya jengo alinipa bahasha bado imefungwa. Nikaifungua, nikaona neno la kukubaliwa, nikapiga kelele, nikaanza kumweleza kwamba mke na watoto sasa watawezekana.

Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa barabara, mikono magotini.

"Nimesikia," alisema. "Sasa anza juu kabisa. Hata anwani. Na usiruke kitu."